Vidonge vya Vitamini kwa Mlaji wa Vyakula Vibichi: Uchambuzi wa Kisa cha Hallelujah Acres

Swali la kama mtu anayekula mimea tupu, tena bila kuipika, anahitaji vidonge vya vitamini hujibiwa mara nyingi kwa imani kuliko kwa vipimo. Wanaoitetea lishe hiyo husema kwamba chakula kilichotoka shambani kikiwa kamili hakiwezi kupungukiwa na kitu, na kwamba anayekimbilia kidonge amekiri kuwa lishe yake ina kasoro. Wanaoipinga huorodhesha kila vitamini inayouzwa dukani na kumtaka mlaji azinunue zote. Kisa ninachokichambua hapa kina thamani ya pekee kwa sababu waliopimwa walikuwa waumini wa upande wa kwanza, aliyewapima alikuwa mtu wao, na majibu ya maabara hayakuwa yale yaliyotarajiwa.

Hallelujah Acres ni taasisi ya Kikristo ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1992 na mchungaji George Malkmus, na ambayo baadaye iliweka makao yake Shelby, katika jimbo la North Carolina. Malkmus mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 42, aliambiwa ana saratani ya utumbo mpana, akakataa matibabu ya hospitali, akageukia matunda, mboga mbichi na juisi ya karoti, na akapona. Hadithi hiyo ya kupona siichambui hapa, kwa kuwa simulizi ya mgonjwa mmoja juu ya ugonjwa wake haiwezi kuthibitisha dawa. Kinachotuhusu ni lishe iliyozaliwa nayo. Msingi wake ulikuwa aya ya 29 ya sura ya kwanza ya Mwanzo, ambamo mwanadamu anapewa mimea yenye mbegu na matunda ya miti kuwa chakula chake. Aya hiyohiyo inatajwa sana na Waadventista wa Sabato wa Kenya na Tanzania wasiokula nyama, ingawa wengi wao huendelea kutumia maziwa na mayai, jambo ambalo linabadilisha hesabu yote, kwa kuwa vyakula hivyo vina vitamini B12, ambayo mimea haiitengenezi.

Katika lishe ya Hallelujah sehemu kubwa ya chakula huliwa mbichi na sehemu ndogo tu hupikwa, na hakuna nyama, samaki, mayai wala maziwa. Pamoja na saladi na matunda, wafuasi hunywa juisi ya karoti na juisi ya majani machanga ya shayiri iliyokaushwa kuwa unga. Unga huo ulibeba matumaini makubwa. Dhana iliyowekwa wazi mwanzoni mwa utafiti ilikuwa kwamba watu wanaokula hivi wataweza kuepuka upungufu wa vitamini B12 kwa njia ya asili, bila kidonge.

Utafiti wenyewe ulifanywa na Michael Donaldson, mtafiti wa taasisi hiyohiyo, na ulichapishwa mwaka 2000. Aliwapata washiriki wake katika mkutano wa wahudumu wa afya wa Hallelujah Acres, yaani watu waliofunzwa kuifundisha lishe hii kwa wengine, na sharti lilikuwa kwamba mshiriki awe ameifuata kwa angalau miaka 2 hivi. Walipimwa watu 49, ambao wengi wao walikuwa wamekaa katika lishe hiyo kati ya miezi 23 na 49. Hawa hawakuwa watu waliojaribu vyakula vibichi kwa wiki mbili za Januari wakaacha. Kama kuna kundi ambalo lingeweza kuonyesha kwamba lishe hii, ikifuatwa sawasawa, inajitosheleza, ni hili.

Kila mmoja alipimwa vitu viwili: kiasi cha B12 katika damu, na kiasi cha asidi ya methilimaloniki, kwa kifupi MMA, katika mkojo. Katika damu, watu 6 tu walikuwa chini ya pikogramu 200 kwa mililita, kiwango ambacho maabara nyingi hukichukua kuwa mpaka wa upungufu. Mtu anayetetea lishe angeweza kusimama hapo na kusema kwamba watu 43 kati ya 49 wako salama. Lakini ukisogeza mpaka hadi pikogramu 300, walio chini yake wanakuwa 37, na kipimo cha mkojo kinatoa habari nzito zaidi: watu 23, ambao ni asilimia 47, walikuwa na MMA iliyofika au kuzidi mikrogramu 4.0 kwa kila miligramu moja ya kreatinini (taka ya misuli inayotoka na mkojo), kiasi kilichohesabiwa kuwa si cha kawaida.

Hesabu hizi zinastahili kuwekwa pamoja polepole. Hata tukichukulia kwamba wote 6 waliokuwa na B12 ya chini sana katika damu wamo ndani ya wale 23, bado wanabaki watu 17, kwa uchache, ambao karatasi yao ya damu ingeandikwa neno kawaida ilhali seli zao zilikuwa tayari zimeanza kukosa vitamini hiyo. Mtu wa aina hii akienda maabara ya mtaani, akapewa jibu la pikogramu 240, na pembeni yake pameandikwa kwamba kiwango kinachokubalika kinaanzia 200, atarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba lishe yake imethibitishwa, na atawaambia wengine hivyo kwa nia njema kabisa.

Sababu ya tofauti hiyo iko katika kazi ambayo B12 huifanya. Mwili huihitaji katika hatua mbili za kikemikali. Katika hatua ya kwanza vitamini hii husaidia kukamilisha uvunjaji wa baadhi ya mafuta na protini. Ikikosekana, mabaki yasiyomalizika hugeuka kuwa MMA, hujaa katika damu na hutoka kwa mkojo. Katika hatua ya pili husaidia kugeuza homosisteini (asidi ya amino ambayo haitakiwi kuzidi katika damu) kuwa methionini, asidi ya amino nyingine, kazi ambayo pia inahitaji folati (vitamini B9) na ambayo ina uhusiano wa karibu na utengenezaji wa chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo kupima B12 iliyomo katika damu ni kupima kilichoko njiani, wakati kupima MMA ni kuuliza kama kazi inafanyika. Kreatinini inatajwa katika jibu la mkojo kwa sababu mkojo wa mtu aliyekunywa maji mengi huwa mwepesi, na kugawa kwa kreatinini husawazisha tofauti hiyo. Ni vyema kuongeza kwamba mtu mwenye ugonjwa wa figo anaweza kuwa na MMA ya juu katika damu bila kupungukiwa na B12, kwa hiyo kipimo hiki nacho husomwa na mtu anayemjua mgonjwa.

Jambo la folati ndilo linaloifanya lishe hii iwe na hatari ya namna yake. Upungufu wa B12 kwa kawaida hujitangaza kwa upungufu wa damu, ambapo chembe nyekundu huwa kubwa kuliko kawaida, mgonjwa huchoka na kukosa pumzi, na daktari hushtuka. Folati ikiwa nyingi inaweza kuificha dalili hiyo, na mtu anayekula mchicha, sukuma wiki, maparachichi na machungwa kila siku ana folati ya kutosha na kuzidi. Uharibifu wa mishipa ya fahamu, hata hivyo, haufichwi wala hauzuiwi na folati; unaendelea kimyakimya hadi ganzi ianze vidoleni, nyayo zichomechome, miguu ikose uthabiti mtu anapotembea gizani, na kumbukumbu zilegee. Uharibifu huo ukikaa muda mrefu si lazima urudi wote nyuma hata baada ya tiba. Mlaji wa vyakula vibichi anayejipima kwa jinsi anavyojisikia, na ambaye anajisikia vizuri kwa sababu amepunguza uzito na ameacha sukari na mafuta ya kukaangia, anatumia kipimo ambacho hakiwezi kumwambia lolote kuhusu B12.

Hapa ndipo linapoingia pingamizi ambalo nimelisikia likitolewa kwa kujiamini sana, kwamba fulani amekula hivyo miaka mitatu na hana tatizo. Mtu mzima aliyekula nyama au samaki tangu utotoni huanza safari yake akiwa na akiba ya miligramu kadhaa za B12, nyingi zikiwa kwenye ini, ilhali mahitaji ya siku ni mikrogramu chache tu. Zaidi ya hapo, B12 inayotoka na nyongo kuingia utumboni hufyonzwa tena kwa sehemu kubwa, kwa hiyo akiba huisha polepole sana, na miaka mitatu ya afya njema inaweza kuwa miaka mitatu ya kuila akiba hiyo. Washiriki wa Donaldson, kwa miezi yao 23 hadi 49, walikuwa hasa katika kipindi ambacho akiba hupungua bila dalili za nje, na ndiyo maana kipimo cha mkojo kilikuwa na la kusema kabla ya mwili wenyewe haujasema.

Waliopatikana na MMA isiyo ya kawaida hawakuachwa hivyo. Walifuatiliwa kwa njia tatu: wengine walitumia vidonge vya sianokobalamini (aina ya B12 ya vidonge) vinavyowekwa chini ya ulimi, wengine hamira ya lishe, na wengine bakteria rafiki wa tumbo kwa matumaini kwamba wakistawi utumboni watatengeneza B12 hapohapo. Vidonge vilishusha wastani wa MMA kwa kiasi ambacho hakiwezi kuelezwa kwa bahati. Hamira nayo ilishusha. Bakteria hawakuleta badiliko la kutegemewa.

Nionavyo, matokeo haya ya tatu ndiyo kiini cha kisa, kuliko hata ile asilimia 47, kwa sababu yanagusa tumaini ambalo wapenzi wa lishe ya asili hulishikilia hadi mwisho. Ni kweli kwamba B12 hutengenezwa na bakteria na vijidudu vya jamii hiyo peke yao. Hakuna mmea wala mnyama anayeiunda. Ni kweli pia kwamba utumbo mpana wa binadamu una bakteria wanaoitengeneza. Tatizo ni mahali: B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, na kinachotengenezwa baada ya hapo hakirudi nyuma, hutoka na choo. Na kuhusu hamira, yafaa isieleweke vibaya. Hamira haitengenezi B12. Ile inayouzwa kama hamira ya lishe huwa na vitamini hiyo pale tu ilipoongezewa kiwandani, na hamira ya kuumulia maandazi inayopatikana kila duka si mbadala wake. Kwa maneno mengine, njia mbili zilizofaulu zote zilikuwa kidonge, kimoja kikiwa wazi na kingine kikiwa kimevaa sura ya chakula.

Hoja ya ng'ombe hutolewa mara moja baada ya hapo: mbona ng'ombe anakula nyasi mbichi maisha yake yote na nyama yake imejaa B12? Ng'ombe ana tumbo la kwanza ambamo bakteria huchachua nyasi na kutengeneza B12 kabla chakula hakijafika mahali pa kufyonzwa, mpangilio ambao binadamu hana. Na hata ng'ombe hana uhakika. Bakteria wake wanahitaji madini ya kobalti kutoka kwenye nyasi, na udongo ukikosa kobalti mnyama hudhoofika na kukonda huku malisho yakiwa tele. Wafugaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya waliujua ugonjwa huo wa mifugo uliopewa jina la Nakuru, uliotokana na upungufu wa kobalti katika malisho ya eneo hilo. Dawa yake ilikuwa kumpa mnyama kobalti ya nyongeza. Anayemtumia ng'ombe kama shahidi dhidi ya vidonge hana budi kukubali kwamba ng'ombe mwenyewe hupewa nyongeza.

Wapo wanaoshauri mboga zisioshwe sana ili bakteria wa udongoni wabaki, na wengine hutegemea mwani na spirulina, unga wa kijani wa vijidudu vya majini. Ushauri wa kwanza, katika nchi ambazo mboga nyingi za mijini hulimwa kandokando ya mito na mitaro, ni mwaliko wa minyoo, homa ya matumbo na kipindupindu, na siuoni ukistahili mjadala zaidi. Kuhusu spirulina, sehemu kubwa ya kinachosomeka kama B12 ndani yake ni kemikali inayofanana nayo tu, ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia.

Kisa hiki kina udhaifu wake. Washiriki walikuwa wachache, hawakuchaguliwa kwa kura, na hapakuwa na kundi la kulinganisha la watu wanaokula kila kitu. Taasisi iliyohusika pia huuza bidhaa za lishe, jambo ambalo kwa kawaida lingenifanya niyasome matokeo kwa mashaka. Lakini hapa matokeo hayakuupamba unga wa shayiri hata kidogo, na mtafiti alihitimisha waziwazi kwamba wafuasi wa lishe ya Hallelujah na lishe nyingine za aina hiyo wapime MMA mara kwa mara, au watumie kidonge cha kobalamini (jina jingine la B12), au wapate kobalamini katika chakula. Aidha, utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2005, uliochunguza watu 201 waliokula vyakula vibichi kwa muda mrefu, ulikuta asilimia 38 wana upungufu wa B12. Walikuwa na mafuta mabaya machache katika damu, kama walivyotumaini, na homosisteini nyingi, ambayo hawakuitumaini.

Je, kama B12 ni ya lazima, na nyingine pia? Sioni sababu ya kununua rafu nzima ya duka la dawa. Mtu anayekula matunda na majani mabichi kwa wingi hana haja ya kidonge cha vitamini C, cha folati wala cha vitamini K, na anayekunywa juisi ya karoti kila asubuhi hadi viganja vyake vigeuke manjano hahitaji kuongezewa vitamini A. Vitamini D inategemea jua zaidi ya sahani. Watafiti wa St. Louis, Marekani, waliowapima walaji 18 wa vyakula vibichi, na kuchapisha matokeo mwaka 2005, walikuta vitamini D yao iko juu kuliko ya watu wa kawaida ingawa chakula chao kilikuwa nayo kidogo sana; pamoja na hayo mifupa yao ilikuwa na uzito mdogo, jambo linaloonyesha kwamba kukonda kupita kiasi na uhaba wa protini na kalisi havitibiwi na vitamini peke yake. Kwa mwanamke wa Mombasa au Muscat anayefunika mwili wote na kushinda ndani ya ofisi yenye kiyoyozi, au kwa Mswahili anayeishi Oslo wakati wa majira ya baridi, hesabu ya vitamini D ni nyingine, na kupima ni bora kuliko kubuni.

Yapo mengine mawili ambayo mlaji wa Afrika Mashariki huyapoteza bila kujua. Kenya na Tanzania zina kanuni za kuongeza virutubishi katika unga wa ngano na wa mahindi unaosagwa viwandani, na B12 ni mojawapo ya vinavyoongezwa. Anayeacha ugali na chapati kwa sababu vimepikwa ameacha pia kiasi hicho. Vivyo hivyo anayeacha chumvi ya dukani ameacha madini joto yaliyowekwa humo ili kuzuia uvimbe wa tezi ya shingo, na anapaswa kuyapata kwingine.

Kuhusu kiasi, kiwango kinachopendekezwa Marekani kwa mtu mzima ni mikrogramu 2.4 kwa siku, 2.6 kwa mjamzito na 2.8 kwa anayenyonyesha. Kidonge huandikwa kiasi kikubwa zaidi kwa sababu njia maalumu ya utumbo ya kufyonza B12 hujaa baada ya mikrogramu moja na nusu au mbili hivi kwa mara moja, na kinachozidi hupenya kwa takriban asilimia 1 tu. Ndiyo maana Jumuiya ya walaji mimea tupu ya Uingereza, Vegan Society, hushauri ama mikrogramu 10 kila siku ama mikrogramu 2,000 mara moja kwa wiki: asilimia 1 ya 2,000 ni 20, na 20 zikigawanywa kwa siku saba zinakaribia mahitaji. Kumeza au kuweka chini ya ulimi hakuleti tofauti kubwa. B12 ya vidonge hutengenezwa kwa kuchachusha bakteria viwandani, kwa hiyo mwenye kuacha bidhaa za wanyama kwa sababu ya dhamiri hana la kuogopa, ila asome kama ganda la kidonge ni la jelatini, ambayo hutokana na wanyama. Asome pia orodha ya viambato, kwa kuwa baadhi ya vidonge vya bei nafuu vinavyouzwa kwa jina la vitamini B mchanganyiko vina B1, B2 na B3 bila B12 yoyote.

Wapo wasiopaswa kusubiri majibu ya mjadala huu. Mtoto anayenyonya kwa mama asiye na B12 ya kutosha hana akiba ya miaka. Huweza kudhoofika ndani ya miezi michache, akaacha kukaa alipokuwa ameshajifunza kukaa, na ubongo wake ukaumia. Mzee ambaye tumbo lake limepunguza tindikali, na mgonjwa wa kisukari anayetumia metformini, hufyonza B12 kwa shida hata wakila nyama. Na ambaye tayari ana ganzi au anayumba anapotembea aende hospitali, ambako huenda akachomwa sindano za hidroksokobalamini (aina nyingine ya B12), badala ya kujaribu vidonge nyumbani. Kama hali yake inaruhusu kupimwa kwanza, damu na mkojo vichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu B12 ya damu hupanda upesi na MMA hushuka, na baada ya hapo inakuwa vigumu kwa daktari kujua kama ganzi ile ilitokana na lishe au na kitu kingine.